Mtelemko wa Pumwani na Watu Wetu Waliokaa Hapo

Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea wanachama hesabu ya fedha, majina ya ndugu waliotutoka, na habari za watoto waliosaidiwa karo. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza sisi makarani tuongeze jambo moja, yaani habari ya mahali walipofikia watu wa Meru na Embu walipokuja Nairobi katika siku za zamani. Sababu ni hii. Tulipokuwa tukiyapanga upya madaftari ya kale ya chama, tuliona kwamba katika safu ya anwani limo neno moja lililorudiwa kuliko mengine yote, nalo ni Pumwani. Huyu ameandikwa "Pumwani, karibu na msikiti". Yule ameandikwa "Pumwani, nyumba ya Mama wa Kiembu". Na wengine hawana zaidi ya neno lenyewe, kana kwamba lilitosha. Vijana wetu wa leo hawakai huko. Wengi walijua jina hilo kwa sababu ya hospitali ya uzazi tu, maana ndiko walikozaliwa. Basi tulikwenda Jumamosi tatu kwa miguu, tukaupanda mtaa ule kutoka chini hadi juu, tukauliza, tukasikiliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Sisi ni watu wa mitelemko. Wameru wamekaa upande wa mashariki na kaskazini mashariki wa Mlima Kenya, na Waembu upande wake wa kusini mashariki. Na mtoto wetu yeyote, kabla hajajua kusoma, anajua kwamba aliye juu karibu na msitu hupata baridi na mvua, na aliye chini hupata jua na mtama. Kimo cha mahali ni habari ya maisha ya mtu. Kwa hiyo haikutuwia vigumu kuisoma ramani ya Nairobi, kwa kuwa mji ule nao uligawanywa kwa kimo. Wazungu walijichagulia magharibi na kaskazini, penye vilima, udongo mwekundu na miti. Wahindi wakapewa sehemu za katikati. Na Waafrika wakaelekezwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Pumwani imo katika upande huo wa mashariki, lakini haiko katika uwanda wenyewe. Inaanzia chini karibu na Mto Nairobi, pale penye soko la Gikomba, kisha ardhi yapanda polepole kuelekea Eastleigh. Si mlima, wala mtu wa Chogoria hawezi kupaita mlima bila kuchekwa. Ila ni mtelemko, na mwenye kubeba mzigo wa kuni au debe la maji aliujua vizuri.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Wakati huo hapakuwa na mji. Palikuwa na maji baridi ambayo Wamasai waliyapa jina, na majani ya malisho. Mara baada ya reli wakaja watu wa kila namna: wapagazi na askari kutoka pwani, Wanubi, Wasomali, Waganda, Wanyamwezi, Wakikuyu, Wakamba. Serikali haikuwajengea nyumba, basi wakajijengea wenyewe. Hivyo vikatokea vijiji vya Waafrika pembezoni mwa mji, na majina yake yalisema tabia yake: Mombasa, Pangani, Masikini, Kaburini. Twaona katika majina hayo kwamba waliovianza walikuwa watu wa pwani au wenye kuufuata mwenendo wa pwani. Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha yao ya pamoja, na mgeni kutoka bara alijifunza humo kusema, kuvaa, kupika na kujenga.

Watu wetu walichelewa kidogo kuja, maana serikali ya Kiingereza ilichelewa kufika kwetu. Kituo cha Embu kilianzishwa mwaka 1906 baada ya vita, na kituo cha Meru mwaka 1908, alipokuja Bwana E. B. Horne, ambaye wazee wa Meru walimpa jina la Kangangi. Baada ya kituo ikaja kodi ya nyumba, na kodi ilidai fedha, na fedha hazikupatikana katika mtama. Vijana wakashuka. Wengine walitembea siku kadhaa hadi Thika, ambako reli ilifika mwaka 1913, na wengine wakaendelea kwa miguu mpaka Nairobi. Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wanaume kwa maelfu walichukuliwa katika nchi hii wawe wapagazi wa jeshi, na wilaya zetu zilitoa sehemu yake. Wengi walikufa, si kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na njaa katika nchi ya Wadachi, ambayo leo ni Tanzania. Jina la kikosi kile, Carrier Corps, wenyeji walilitamka Kariokor, na bado ni jina la soko na mtaa usio mbali na Pumwani. Mwana wetu anayenunua kikapu Kariokor ananunua juu ya jina la babu yake.

Vita vilipokwisha, serikali iliona kwamba Waafrika wa mjini wamekuwa wengi, na vijiji vyao vimetapakaa. Tangu mwaka 1913 mganga mmoja, Profesa W. J. Simpson, alikuwa ametoa shauri kwamba makabila ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatengwe katika makao yao kwa ajili ya afya. Mwaka 1920 kipande kilikuwa kimekwisha kuanza kufanya kazi: kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima alipaswa kuchukua karatasi ya alama za vidole na habari za kazi yake, ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikitundika shingoni. Katika hali hiyo ndipo Pumwani ikapimwa, mwaka 1921 na 1922, iwe mahali pamoja rasmi pa Waafrika. Watu wa Mombasa, Masikini na Kaburini wakaamriwa kuvunja nyumba zao na kuhamia mtelemkoni. Jina Pumwani wenyeji wanalieleza kuwa ni mahali pa kupumua na kupumzika. Huenda waliochoka kuhamishwa walitumaini hivyo.

Yatupasa kueleza jinsi nyumba zenyewe zilivyokuwa, kwa sababu ndizo uzuri wa mtaa ule, na zilizobaki ni chache. Manispaa ilitoa kiwanja, na mwenye kiwanja alijenga kwa fedha zake na mikono yake. Aliweka fito, akazifunga, akakandika udongo, akapaka chokaa. Na juu akaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyoshwa, hata baadaye yakaja mabati. Mpango wake ni ule wa nyumba ya Kiswahili. Mbele pana baraza ya kukalia. Mlango ukifunguliwa unaingia katika ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma. Kuume na kushoto pana vyumba. Na mwisho pana ua wa kupikia na kufulia. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja na kupangisha vingine. Mtu akisimama chini ya mtelemko na kutazama juu, huona mapaa hayo yenye kutu yakipandana kama ngazi, na kati yake vichochoro vyembamba ambavyo watu wawili hawapishani bila kusalimiana. Tulipopita asubuhi tulikuta mahamri yakitolewa motoni, na wazee barazani wakinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Hakuna aliyetuacha tupite bila kutuuliza tunakokwenda. Katika mitaa tunayokaa sisi, mtu hulala miaka mitano bila kulijua jina la jirani aliye ng'ambo ya ukuta.

Sehemu kubwa ya wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Jambo hili halikuandikwa sana na wale walioandika habari za mji siku zile, ila wataalamu waliokuja baadaye wamelithibitisha. Walikuwa wanawake wa makabila mengi ya bara, waliotoka kwao kwa sababu mbalimbali: mmoja ni mjane asiyetaka kurithiwa, mmoja hakuzaa, mmoja alikimbia ndoa, mmoja alifuata mume akaachwa. Kwao hawakuweza kurithi shamba. Hapa, kwa kuuza pombe, chakula, au kwa kazi ambazo mahubiri ya kanisani hayakuzisifu, waliweka senti juu ya senti mpaka wakajenga nyumba. Wengi wao waliingia dini ya Kiislamu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dini ya mtaa, nayo iliwapa jina jipya, jamaa wapya, na watu wa kuwazika. Sisi tuliofundishwa katika shule za misheni tulizoea kuwasema vibaya watu hawa. Lakini kijana wa Mwimbi au wa Runyenjes aliyefika mjini usiku bila kipande sahihi, nani aliyemfungulia mlango? Madaftari yetu yajibu.

Mtaa ukapata vitu vyake. Paliwekwa kilabu cha pombe cha manispaa, ambacho faida yake ililipia mambo ya Waafrika, hata wakasema watu kwamba twanywa barabara zetu wenyewe. Ukajengwa Ukumbi wa Ukumbusho, ambao jina lake lakumbusha vita vile. Humo ilifanyika mikutano, densi na hotuba. Mwaka 1926 ikaanzishwa hospitali ya uzazi iliyoitwa kwa jina la Bibi Grigg, mke wa Gavana. Ndiyo hiyo iliyokua ikawa Hospitali ya Pumwani, mojawapo ya hospitali kubwa kabisa za uzazi katika Afrika ya Mashariki. Msikiti upo, na kanisa la Mtakatifu Yohana lipo, na kengele na adhana zimezoeana.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwalo tumeona vema kuandika habari hii. Aliyejenga Pumwani alimiliki fito, udongo na madebe, hakumiliki ardhi. Ardhi ilikuwa ya manispaa, na ruhusa ya kukaa ingeweza kuondolewa. Fikira ya serikali ilikuwa kwamba Mwafrika ni mgeni mjini. Amekuja kufanya kazi. Kazi ikiisha arudi kwao katika risavu. Kwa hiyo hahitaji hati, wala kiwanja cha kurithisha. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapa mgeni alipewa jembe siku ya kwanza, akalima miaka arobaini, na bado akaitwa mgeni.

Kijiji cha Pangani kilionja fikira hiyo kwa ukamilifu. Kilikuwa kimebaki baada ya vile vingine kuvunjwa, na nyumba zake zilikuwa za zamani kuliko za Pumwani. Mwaka 1938 na 1939 nacho kikaondolewa. Wenye nyumba walipewa fidia, na wengi wakapelekwa Shauri Moyo, mtaa mpya wa manispaa, wakae katika nyumba za mawe. Nyumba zilikuwa imara kuliko za udongo; lakini aliyekuwa mwenye nyumba sasa alikuwa mkaaji katika nyumba ya mwingine. Jina la mtaa lasema yaliyokuwamo mioyoni.

Pumwani ikabaki, ikajaa. Katika Vita vya Pili na baada yake watu waliongezeka mjini kupita kiasi, na katika chumba kimoja walilala watu wa zamu, huyu akiamka yule akilala. Mwaka 1950 Nairobi ikapewa cheo cha jiji. Mwaka huohuo, tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, mwendo mfupi kutoka hapo, mkutano wa Waafrika na Wahindi ulidai uhuru wa Afrika ya Mashariki waziwazi. Na mwezi wa Mei wafanyakazi wakagoma baada ya kukamatwa Fred Kubai na Makhan Singh. Hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952.

Halafu ikaja siku ambayo watu wetu hawaisahau. Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, kabla ya mapambazuko, majeshi yaliuzunguka mji wote wa Nairobi. Jambo hilo waliliita Operesheni Anvil. Askari waliingia mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakawatoa watu nje na kuwagawanya kwa kabila. Mluya, Mjaluo, Mkamba aliambiwa akae upande huu. Mkikuyu, Membu na Mmeru upande ule. Hapo kwanza, katika macho ya mji, makabila yetu mawili yalikuwa kama hayaonekani. Siku ile yakatajwa kwa majina. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa bila hukumu, wakapelekwa Langata, na kutoka hapo Mackinnon Road na Manyani. Walioachwa walipewa vitabu maalum vya ruhusa. Na huko nyumbani, Embu na Meru, jamaa zao walikuwa wakikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Mtu akawa hana mahali: mjini ni mshukiwa, na kwao pamefungwa.

Katika Jumamosi ya pili ya matembezi yetu tulielekezwa kwa bibi mmoja, mzee sana, anayekaa katika nyumba ya zamani karibu na katikati ya mtelemko. Hatutamtaja jina, kama alivyotaka. Tulipiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Ninyi ni wa wapi?"

Tukamwambia kwamba mmoja wetu ni wa Imenti na mmoja ni wa Embu, na kwamba tumetumwa na chama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wa Embu. Basi ninyi ni wajomba zangu."

Mama yake alikuwa Membu, aliyekuja Nairobi katika miaka ya 1920 na kusilimu. Nyumba ile aliijenga yeye. Alipenda kupangisha watu wa Mlima Kenya, kwa kuwa aliweza kusema nao lugha yake usiku baada ya sala. Mwaka 1954 walikuwamo wapangaji wawili wa Meru, wote wawili vijana wa kazi za ofisini na dukani. Asubuhi ile askari walipofika, mama hakuchukuliwa, maana jina lake lilikuwa la Kiislamu naye alikuwa ameandikwa Mswahili. Wale vijana walichukuliwa. Mmoja alikuwa hajavaa viatu. Bibi huyu, aliyekuwa binti wa miaka kumi na sita au kumi na saba, alikimbia nyuma ya lori na viatu hivyo akarudishwa.

Vyumbani mlibaki masanduku mawili ya bati. Mama aliyasukuma uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe, akasema amana haichezewi. Mwaka 1957 kijana mmoja alirudi, amekonda, akapewa sanduku lake kama alivyoliacha, hata kufuli halikuguswa. Wa pili hakurudi. Mama alipokufa alimwachia binti yake nyumba, ikiwa ni ya kuachiwa, na sanduku.

"Liko wapi sasa, bibi?" tulimwuliza.

"Liko hapo ulipoegemeza mguu."

Hatukulifungua. Yeye hakutuomba tulifungue, wala sisi hatukuthubutu. Lilikuwa sanduku dogo la rangi nyeusi, na juu ya mfuniko palikuwa na herufi nyeupe zilizofutika, ambazo hata kwa tochi hatukuweza kuzisoma zote. Alituambia hivi: "Miaka yote nimengoja mtu wa Meru aje aulize. Ninyi mwajiita watu wa kusaidiana. Mimi ni mzee. Lichukueni."

Tukiwa makarani tulijua namna ya kulipokea: tuliandika stakabadhi ya nakala mbili, tukamwachia moja. Kisha, kwa adabu, tulimwuliza kama angependa kuingia katika chama, kwa kuwa ana damu ya Embu kwa mama. Alifurahi. Tukatoa fomu. Na hapo ndipo aibu ilipotupata. Fomu yetu yauliza: jina la baba, ukoo, lokesheni ya nyumbani, jina la chifu, jina la mdhamini mwenye shamba huko. Bibi hakuwa na jibu hata moja la kuandika. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyesafiri. Ukoo wa mama ulimkana alipobadili dini. Nyumbani kwake ni pale alipokaa, kwenye ardhi ambayo hana hati yake. Kwa kanuni yetu, yeye aliyetunza amana ya Mmeru tangu 1954 hawezi kuwa mwanachama, na mtu aliyezaliwa juzi Nairobi, asiyeweza kusema neno la kwao, aweza, mradi babu yake ana shamba.

Tulirudi kimya. Wakoloni walisema kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia, na kwao hasa ni kule alikoandikiwa chifu wake. Tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na fikira ile tukaibakiza katika fomu yetu. Twasema mpaka leo kwamba Nairobi si nyumbani. Twachanga fedha nyingi kusafirisha maiti, nalo ni jambo jema. Lakini hatuna senti iliyotengwa kwa ajili ya aliye hai asiye na pa kusafirishwa.

Wala tusiseme ni habari ya Nairobi peke yake. Mji wa Embu una Majengo yake, na mji wa Meru una Majengo yake. Penye kituo cha serikali palitokea mtaa wa namna hiyo, na sisi tulioshuka kutoka vilimani tuliwaita waliomo wageni, hata kama mama zao walitoka katika kilima chetu wenyewe. Ni ajabu kwetu hasa. Wazee wa Meru wanasimulia kwamba asili yetu ni Mbwaa, mahali pa kando ya maji makubwa, tuliposhikwa utumwani na watu wa nguo nyekundu, hata tukatoka. Ikiwa ni hivyo, basi sisi pia tulikuwa wakimbizi wasio na shamba, na kuna nchi iliyotupokea. Waembu nao wana kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, anapokumbukwa mzee wa kwanza na mkewe Nthara, na hakuna mtu wa akili atakayekikata ajenge duka. Nyumba ya Njuri Ncheke huko Nchiru inaheshimiwa hivyohivyo. Twajua, basi, kutunza mahali kwa sababu ya yaliyotukia hapo. Pumwani nayo ni mahali pa namna hiyo, ila hatujaihesabu.

Mtaa unabadilika upesi. Baada ya uhuru sehemu yake ilivunjwa ukajengwa mtaa wa California, na baadaye yakasimama majumba ya ghorofa mahali pa nyumba nyingine za udongo. Hatuyapingi majumba hayo, kwa kuwa yana maji na vyoo, na aliyekaa katika chumba kinachovuja hahitaji kusifiwa uzuri wa fito. Chini, Gikomba imekua ikawa soko kubwa la nguo za mitumba, nalo huungua mara kwa mara na kujengwa upya. Kila nyumba ya zamani ikiondoka, mjadala ni uleule wa Pangani: nani alikuwa mwenye nyumba, nani mpangaji, na karatasi iko wapi. Aliye na karatasi husikilizwa. Asiye nayo husimulia habari zake barabarani.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka mambo matatu, nasi twaomba yajadiliwe bila haraka.

La kwanza, kanuni ya uanachama irekebishwe, ili mtu mwenye damu ya Meru au Embu kwa baba au kwa mama aweze kuingia bila kudaiwa shamba wala jina la chifu, na wazee wa Pumwani, na wa Majengo ya Embu na Meru, waalikwe kwa barua.

La pili, kila mwanachama mwenye nyumba, kiwanja au chumba mjini aweke karatasi zake mahali salama, na aandike wosia akiwa na afya. Karani wa chama atasaidia kuandika bila malipo. Tumeona kwa macho yetu nyumba iliyojengwa kwa miaka thelathini ikibishaniwa kwa sababu stakabadhi zililiwa na panya.

La tatu, Jumamosi moja kila mwezi vijana wawili watumwe kwa wazee waliokaa mtaa ule kabla ya 1963, wakaandike majina ya wenye nyumba, majina ya wapangaji waliochukuliwa mwaka 1954, na mahali walipozikwa waliokufa mjini. Mzee mmoja akifa na daftari ikiwa tupu, hakuna Halmashauri itakayoweza kuijaza.

Kuhusu sanduku, tumeliweka katika kabati la ofisi. Katika orodha ya vitu vya chama halimo chini ya "Mali". Tumefungua ukurasa mpya, tukauandika "Amana", na hilo ndilo la kwanza. Halitafunguliwa mpaka Mkutano uamue, wala halitafunguliwa bila bibi mwenyewe au mtu atakayemtuma kuwapo. Mwanachama yeyote ambaye katika jamaa yake alikuwapo kijana wa Meru aliyefanya kazi ofisini au dukani Nairobi, aliyekaa Pumwani katika nyumba ya Mama wa Kiembu, akachukuliwa tarehe 24 Aprili 1954 na asirudi, na aje kwa karani. Aje na mzee wa ukoo anayejua jina kamili, ili tulilinganishe na herufi zile chache zinazosomeka.